Hatua Tatu Kushoto

"Betri za mstari ni za mstari," Leokadia alikuwa akisema kwa mara ya nne, mikono kiunoni, mgongo umeziba mlango wa kibanda. "Hazikuwekwa hapa kuwashia maiti."

"Siwashi maiti," Severina akamjibu. "Nawasha mlango."

Basi hapo ndipo watu walipozidi. Kambi ya Nane ina vyumba themanini katika mistari minne, na kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya chumba cha kwanza unaombewa afya chumba cha tano. Ugomvi wa uani haukuhitaji mtu wa kuutangaza. Mmoja alitoka na kisu na muhogo uliomenywa nusu, mwingine na povu la sabuni masikioni, na kila aliyefika aliuliza wamefika wapi, akaelezwa tangu mwanzo na kuongezewa kidogo.

Leokadia alisema vumbi la bonde limefunika paneli wiki nzima, jua linaloingia ni la kuonja tu, na pampu ya maji ikizima watu watamlaumu nani. Severina akasema amekaa gizani siku kumi na mbili ili fungu lake la umeme libaki mle mle kibandani, na asiyeamini aseme. Hakuna aliyebisha. Taa ya Severina ikiwaka au isipowaka, kambi nzima huijua. Leokadia alipoona hoja zinamwishia mkononi akafukua lile la siku zote: akamtaja Krispini, marehemu mume wa Severina, na gongo la Krispini, na wale watu sita.

Hata mwenye muhogo akaacha kumenya.

Katikati ya wanawake hao wawili alisimama Gaudensia, Fundi Gaude wa kila mtu, mrija wa leza ameufunga kwenye kanga na kuukumbatia kifuani kama mtoto wa siku tatu. Gaude ndiye aliyetandaza waya za kambi hiyo yote. Hapakuwa na chumba asichoingia, na hakuingia chumba bila kuacha habari ya chumba kingine. Lakini siku hiyo, yeye aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alisema moja tu: kwamba mrija ule ukishawaka unakula umeme mdogo kuliko taa ya chooni, ila mwanzoni unataka kustuliwa kwa volti elfu saba au nane, kama mtu mvivu wa kuamka, na kwa kazi hiyo yote zinatosha betri mbili kwa robo saa.

"Robo saa," Leokadia akarudia, na sauti yake haikuwa tena ya ugomvi. Ilikuwa ya woga.

Ndipo dirisha la chumba chake likafunguka kidogo. Mumewe, Pankrasi, ambaye mapafu yalimlaza kitandani tangu masika, alikohoa kwanza kama kawaida yake, kisha akasema, "Wape."

Leokadia akageuka kumtazama. Dirisha likafungwa. Akasogea mlangoni bila kumwangalia mtu.

Gaude akaingia, akafungua ncha za betri, akatoa mbili. Kwa mazoea akafunga vizuri zile zilizobaki: waya nyekundu ardhini, nyeusi juu. Ndivyo ilivyokuwa bonde zima. Msimamizi wa kwanza wa visima aliwafundisha hivyo vibarua wasiojua kusoma: udongo wetu ni mwekundu, kwa hiyo nyekundu inarudi udongoni, nyeusi ndiyo inayouma. Watu walizaliwa, wakaoa, wakafa na sheria hiyo.

*

Bonde hilo la Rukwa ndilo lililowahi kuipa dunia heliamu. Miaka ile kila mashine kubwa huko duniani ilikuwa ikiililia gesi hiyo, na wao waliipumua bila kujua thamani yake. Ilipokwisha, kampuni iling'oa hadi vitasa vya milango. Ilichoacha ni kambi, makaburi, na mashahidi.

Kampuni iliwaita mashahidi hao vioo vya kumbukumbu. Juu ya kila mlango wa kisima palikuwa na kioo kimoja, kipana kama sinia, ambacho mwanga mwekundu wa leza ulichora ndani yake kila kilichopita mbele yake. Ukikishika mkononi unaona ukungu na rangirangi za mafuta kwenye maji. Watu walijaribu tochi, walijaribu leza ndogondogo za kuonyeshea ubaoni, wakaambulia ukungu ule ule. Kioo kilitaka mwanga wa aina moja na ule uliokichora, mwanga uliopangika kama askari wa gwaride, na huo ulitoka kwenye mrija wa heliamu na neoni peke yake. Hapo ukiangaza, unayaona mambo yakiwa wima, yana mbele na nyuma. Ukitaka kuona uso wa aliyekupa mgongo, unatembea kando yake, kama vile ungemzunguka mtu wa kweli.

Kioo cha Kisima cha Nane kilikuwa chini ya kitanda cha Severina. Alikifukua mwenyewe kwenye kifusi.

Miaka kumi na moja nyuma bomba la gesi lilipasuka kisimani humo. Heliamu haichomi wala hainuki. Inakutoa pumzi kwa upole, kama mtu anayekuvua koti. Nje ya mlango wa chuma walikuwapo wawili, Krispini na Pankrasi. Mmoja wao alizungusha gurudumu, akaufunga mlango, na watu sita wakabaki ndani. Krispini alikutwa amekufa kwenye ujia. Pankrasi alitoka akitambaa. Kampuni ikaandika kuwa aliyefunga ni Krispini, na kwamba alikuwa amelewa. Pankrasi alipoulizwa alisema hakuona.

Tangu siku hiyo hapana aliyekula kwa Severina. Hawakumpiga wala hawakumfukuza. Walimsalimia, walimwazima ndoo, hata msibani walimpa kazi ya kuchota maji. Ila chakula chake hakuna aliyekigusa. Kambini mtu akikufanyia hivyo amekuzika. Gaude alikuwa rafiki yake, au alijiita hivyo. Alimrekebishia taa, alikaa kizingitini kwake akimpa umbea wa mistari yote minne, na kila sufuria ilipoepuliwa alisema, "Nimeshiba, mwenzangu." Mwaka wa tatu Severina akaacha kumkaribisha.

Pengine ndiyo sababu Gaude alijitwisha kazi ile. Mirija mingine yote ya bonde ilikuwa imekata roho, maana heliamu huvuja kwenye kioo chenyewe, taratibu, iwe unaitumia au umeificha kabatini. Huu mmoja, wa urefu wa kiwiko hadi kidole, ulitoka chuo kilichofungwa huko juu Ufipa, pamoja na boksi lake la umeme lililomiminiwa lami nyeusi. Gaude aliufunga ndani ya mfuko mgumu wa plastiki na kuujaza pumzi ya mwisho ya heliamu iliyobaki kwenye valvu ya zamani ya kisima, akauacha humo siku arobaini ili gesi irudi ndani kwa njia ile ile iliyotokea. Hapakuwa na pumzi ya pili.

Na kwa kuwa alikuwa Gaude, hakufanya kazi hiyo peke yake. Mlango wake ulikuwa wazi siku zote arobaini, watu wamejaa hadi kwenye kitanda, na yeye akiwaeleza kila kitu huku akilehemu. Upande huu wenye kopo kubwa la aluminiamu ndani ni wa hasi. Ncha hii ndogo ni ya chanya, na hapa hapa mdomoni mwake inakaa rezista, kuuzuia mrija usinywe umeme mpaka ukapasuka. Boksi hili limetoka ugenini, nyekundu yake ndiyo inayouma. Tazameni, nimeivisha plasta ya kidonda nisije nikajisahau. Na msishike, hata likizimwa lina umeme umejificha tumboni. Mtu mmoja akauliza je, ukigeuza. "Ukigeuza unawaka," Gaude akasema, akifurahia masikio yote yale, "lakini ncha ndogo inachemka, chuma chake kinarukia kioo cha ndani, na mrija mchovu kama huu haumalizi dakika."

Kambi nzima ikalijua hilo. Na Leokadia pia.

*

Leokadia alikuja asubuhi iliyofuata ule ugomvi, siku yenyewe ya kuwasha, watu wakiwa bado mabombani. Alifunga mlango wa Gaude nyuma yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya.

Hakupiga kelele. Aliketi kitandani akazungumza muda mrefu kuhusu mambo madogo: jinsi Pankrasi alivyokuwa akiamka usiku kutapatapa, jinsi watu wanavyokula kwao kila Jumapili mpaka mikeka haitoshi. Alisema hajui mumewe alifanya nini siku ile. Alisema hajawahi kumwuliza, na kwamba ndoa yao yote imejengwa juu ya swali hilo moja kutoulizwa.

"Akionekana ni yeye, atakufa hakuna wa kumwosha," akasema. "Na mimi nitakuwa Severina. Dada Gaude, waya ni mbili tu. Nani atajua?"

Swali hilo lilimtisha Gaude. Maana alikuwa amelifikiria mwenyewe tangu zamani, kabla ya Leokadia. Mlango ule ungeachwa wazi, gesi ingefika kwenye mabweni; walikuwa wamelala humo watu mia mbili, na yeye Gaude mmoja wao. Yeyote aliyezungusha lile gurudumu, alimwokoa. Kuna mtu amelibeba jambo hilo miaka kumi na moja. Ni haki gani kumvua nguo mgonjwa mbele ya watu ili mwanamke mmoja aketi na wenziwe kwenye sinia?

Lakini akamwona Severina, ameketi peke yake na sufuria.

"Nenda nyumbani, dada," akasema. "Nitaunganisha inavyotakiwa."

Leokadia aliondoka bila kulia. Gaude akabaki peke yake. Akauangalia mrija mezani, akakumbuka kwamba alikuwa amempa mgongo yule mwanamke alipokuwa akimchotea maji ya kunywa. Je, kama amegusa kitu? Hakutaka kubahatisha. Akakata ncha zote mbili zilizokwisha kulehemiwa, plasta ikaanguka sakafuni na kipande cha waya, akamenya ncha mpya, akaanza upya. Kichwa chake kilikuwa bado kwenye maneno ya Leokadia, kwenye mikeka ya Jumapili, kwenye mgonjwa asiye na wa kumwosha. Mikono ilifanya kazi yenyewe, mikono ya miaka ishirini ya visimani, safi, bila kusita. Akazifunga kwa tepu. Akavuta kila kiungo kuona kama kimeshika. Vilikuwa vimeshika.

*

Saa nane mchana waliziba madirisha ya kantini ya zamani kwa mablanketi. Watu waliingia mpaka wakapakatana. Kambi ya Nane haijawahi kuwa na mkusanyiko wa kimya namna ile. Hata watoto wachanga walinyonya bila kulia. Pankrasi aliletwa amebebwa kwenye kiti, amevaa koti lake la kanisani, akawekwa mbele kabisa. Leokadia alisimama nyuma ya kiti hicho.

Severina alikuwa amevaa kitenge kipya. Tangu alfajiri moshi ulikuwa ukitoka jikoni kwake kwa wingi usio wa mtu mmoja, na walionusa walijua amechinja kuku wake wote wawili.

Gaude akawaambia wakae mbali na boksi. Akabonyeza.

Kulisikika mlio mwembamba, kama mbu. Mrija ukapepesa mara moja, mara mbili, ukazima, ukapepesa tena. Kisha uzi wa mwanga wa waridi ukasimama katikati ya mrija, na kwenye ukuta wa pili likatokea doa jekundu, dogo, tulivu. Watu wote walivuta pumzi pamoja. Gaude akaliongoza lile doa kwenye lenzi, likatanuka, likakiangukia kioo cha Kisima cha Nane.

Na mlango ukawapo. Ulikuwa hapo, nyuma ya kioo, chuma chenye kutu na misumari yake, mtu angeweza kuugonga. Mbele yake mtu mmoja amewapa mgongo, kofia ngumu kichwani, mikono yote miwili kwenye gurudumu. Pembeni, sakafuni, kivuli cha mwingine.

"Tembea, Severina," Gaude akanong'ona. "Kushoto. Hatua tatu utamwona uso."

Severina akapiga hatua ya kwanza. Bega la yule mtu likageuka, shingo ikaonekana. Akapiga ya pili. Likatokea sikio, na mwanzo wa shavu.

Picha ikaanza kufifia. Gaude alidhani ni machozi yake mwenyewe, akajipangusa. Ilipungua kama moto wa utambi ulioishiwa mafuta, nyekundu, hudhurungi, kisha ukungu. Severina alikuwa ameinua mguu kwa ajili ya hatua ya tatu. Aliubakiza hewani kitambo, halafu akaushusha pale pale ulipotoka.

Gaude alizima, akasubiri, akawasha tena. Mbu alilia. Mrija haukupepesa hata kidogo. Alizima, akagusisha waya za boksi ardhini kuutoa umeme uliojificha, akaupapasa mrija kwa kidole. Upande wa kopo kubwa ulikuwa baridi. Ncha ndogo ilimuunguza.

Akafuata waya kwa macho kutoka kwenye ile ncha, kupita rezista, hadi kwenye boksi. Nyeusi. Na nyekundu ilikwenda kwenye kopo. Nyekundu ardhini, kama kila waya aliyowahi kuifunga maishani mwake. Hakuhitaji kusema. Mablanketi yalikuwa yakishushwa, na wote aliowafundisha kwa siku arobaini walikuwa wakiuona mrija ule mezani, waya zake mbili na rangi zake mbili.

Watu walitoka bila kusukumana. Pankrasi hakuondoa macho kwenye kioo hata alipoinuliwa na kiti chake. Alikuwa akilia, au kifua kilikuwa kikimsumbua, hakuna aliyethubutu kusema ni kipi. Leokadia alipopita mbele ya Gaude alisimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akulipe," akasema kwa sauti ya chini, na waliokuwa karibu walisikia.

Gaude alifungua kinywa kukana. Leokadia alikuwa ameshapita.

*

Hakupita njia ya nyuma. Alipita katikati ya mistari, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hapakuwa na mlango uliomwita aingie atoe habari. Habari ilikuwa yeye.

Severina alikuwa ameketi kizingitini kwake. Nyuma yake mikeka ilikuwa imetandikwa ukuta hadi ukuta, na juu yake sahani arobaini, zingine zake, zingine alizoziazima huko nyuma kwa kisingizio hiki na kile. Katikati palikaa mlima wa ugali wa ulezi umefunikwa kwa ungo, maharage, kuku, na ndoo ya togwa. Nzi walikuwa wameshaanza.

Gaude akasimama uani. Akasema amegeuza waya. Akasema nyekundu aliipeleka ardhini, kama kisimani, na kwamba ilikuwa sawa mwanzoni, akaikata akaifunga upya kwa sababu alitaka iwe sawa zaidi.

"Makusudi?" Severina akauliza.

Gaude alilitafuta neno hapana. Alilitafuta kwa uaminifu, kila mahali. Akaona kitanda chake na Leokadia ameketi juu yake, akaona mikono yake mwenyewe ikimenya waya.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa namhurumia yule mwanamke wakati naunganisha. Sijui, Severina. Ningejua ningekuambia."

Severina alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Nililiona sikio," akasema. "Na shavu kidogo. Nimelala na Krispini miaka tisa, Gaude, nikimtazama ubavuni. Nilijua nikionyeshwa kucha yake tu nitamtambua." Akaangalia viganja vyake. "Sikulijua lile sikio. Lingeweza kuwa la yeyote."

Upande wa pili wa ua mapazia yalikuwa yakisogea. Mtu mmoja alitoka na ndoo isiyo na maji, akarudi nayo ndani. Walikuwa wakisubiri kuona, na Gaude alijua kabisa wanachosubiri, kwa sababu yeye ndiye angekuwa wa kwanza kusubiri. Akiingia humo leo hatatoka mtu yule yule. Hakuna sufuria nyingine ya kambi itakayomngoja. Na kwa Leokadia, Jumapili, palikuwa na mkeka wake tayari.

Severina akainuka, akajipangusa vumbi, akasogea kando ya mlango. Gaude alihisi neno lake la siku zote likimpanda kooni lenyewe, kama mikono ilivyofanya kazi yenyewe.

"Usiniambie umeshiba," Severina akasema. "Ulezi ukipoa unakuwa jiwe. Vua viatu, ingia ule."